Kalibu

Januari, Thunder Bay. Ziwa limefumba mdomo kwa barafu
na mafundi wamekaa nyumbani wakingoja ardhi ilegee.
Huu ndio msimu wangu wa kufua nguo chafu za ofisi.

Miaka kumi na tisa nimechora nyumba za watu
kwa njia moja ya kivivu: nafungua faili la mteja aliyepita,
nafuta kuta zake, nafuta vyoo vyake, nabadilisha jina,
naanza.
Lakini nyumba haifutiki yote.
Kitu hubaki, kama shombo kwenye sufuria iliyokwisha oshwa.

Novemba nilimpelekea Odile Marchessault michoro yake,
naye akanipigia simu, sauti inamtetemeka:
"Bi Hautamäki, huu mlango mdogo wa jikoni,
sentimita arobaini kwa thelathini, ni wa nani?"
Ulikuwa wa mbwa.
Mbwa saba wa Lindqvist, wavuta sleji,
wametoka kwenye ramani ya mwaka juzi
wakaingia nyumbani kwa mwanamke
ambaye mguu wake wa kushoto bado una alama za meno.

Basi leo nimechemsha kahawa, nimezima simu,
nimefungua ukurasa usio na mtu.

Kwanza fremu. Upande wa kushoto naacha nafasi pana,
maana mkaguzi wa manispaa hutoboa hata pasipotobolewa.
Kisha chini, kulia, kisanduku cha maelezo:
Mradi. Anwani. Tarehe. Kipimo. Ukurasa wa ngapi kati ya ngapi.
Siandiki jina la mtu. Naandika tundu la jina,
programu italijaza yenyewe
siku mwenye nyumba atakapopatikana.

Jalada. Msingi. Sakafu. Paa, na mzigo wa theluji juu yake.
Umeme.
Ukurasa wa mwisho nauacha kwa ajili ya sauna,
kwa sababu huku kwetu ukimchorea mtu nyumba isiyo na sauna
atakuuliza kila Jumamosi azaliwe wapi upya.

Naweka matabaka: kuta nyeusi, mabomba samawati,
samani kijivu hafifu, kama mtu anayepita nyuma ya pazia.
Mshale wa kaskazini nauelekeza juu na kuufunga pale;
nyumba ndiyo itakayojigeuza.

Nafika kwenye "Imechorwa na".
Pameandikwa T. H.

Taisto, kaka yangu. Faili la kwanza kabisa alilitengeneza yeye,
mwaka ule tulipokodi chumba juu ya duka la matairi.
Tumemzika miaka sita sasa,
na miaka sita hiyo hajapumzika:
nyumba thelathini na nne, zote kwa herufi zake mbili,
zimegongwa mihuri, zimejengwa, zimewashwa taa,
wala hakuna aliyemuuliza marehemu kama kuta zimenyooka.
Na mimi, niliyezichora, sikuwahi kuona.
Au niliona.

Kalibu si karibu. Haimkaribishi mtu akae.
Hupokea chuma cha moto, hukipa umbo, hukiachia,
kisha hurudi kuwa tupu; utupu ndio kazi yake.
Yenye masalio ya jana huzaa shoka lenye jipu.
Haya nayajua. Kidole kiko juu ya kitufe,
kahawa imepoa,
gari la kukwangua theluji limepita mara mbili.

Nafuta.

Halafu nje ya fremu, katika tabaka lisilochapishwa,
pale ambapo printa haifiki wala mkaguzi hatoboi,
naandika kwa herufi za milimita mbili
maneno aliyonisemea kila jioni akivaa koti:
Raili, angalia kipimo.

Nahifadhi. Nafunga. Nafungua tena kujaribu.
Fremu ipo. Matundu ya majina yapo, yanangoja.
Nakagua kurasa zote, moja moja, hadi sauna.
Hakuna mbwa.